Mwaka Niliotengeneza Gari la Nyawira

Binti wa marehemu alisoma wasifu wa baba yake vizuri, kwa ile sauti ya watoto wa walimu isiyokwama kwenye koma wala nukta, na alipofika kwenye habari za gari nikaketi wima. Alisema baba yake na mama yake walikutanishwa na gari lililowashinda mafundi wa Nyeri nzima, gari lililokuwa likizima kila linapopunguza mwendo, na kwamba baba yake peke yake ndiye aliyejua dawa yake. Mama, alisema, alipoona gari limepona, akajua amepata mume. Watu chini ya hema wakacheka kwa upole, namna watu wanavyocheka mazishini ili kumpa marehemu heshima yake. Mimi sikucheka. Gari lile nililitengeneza mimi, kwa mikono hii, na marehemu Muriithi hakugusa hata bolti moja. Nimekuwa mke wa mtu mwingine miaka mingi, nina wajukuu, nina duka langu la vipuri hapa Chaka ambalo limenilea vizuri, na bado, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki huko Mukurweini na kumtazama mjane katika safu ya mbele na kitambaa chake cheusi kichwani, nilimwonea wivu. Nilikuwa nimenunua viatu vipya ili avione. Mzee wangu alikataa kuandamana nami. Alisema ng'ombe hawawezi kubaki peke yao, lakini kabla sijatoka aliniuliza kama naenda kuzika au kushindana. Nikachukua mwavuli wangu nikatoka.

Mwaka ninaousema nilikuwa karani wa stoo katika gereji moja ya Nyeri, upande wa chini wa mji, mahali ambapo baridi ya asubuhi hukaa mpaka saa nne na mafundi hufanya kazi wakiwa wamevaa sweta ndani ya ovaroli. Miaka ya themanini ilikuwa bado michanga. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mbao kilichobandikwa ubavuni mwa gereji, chenye dirisha dogo la kupitishia vipuri, rafu za plagi na mikanda ya feni, misumari ya kutundikia funguo za wateja, na karatasi nene ya gasketi iliyokunjwa ikasimamishwa pembeni. Ubao mmoja wa ukuta ulikuwa umepasuka, na kwenye mwanya ule nilisikia kila kilichosemwa kwenye benchi la mafundi. Mwenye gereji alikuwa Baba Njoki, mzee mnene, mpole, ambaye angeacha injini wazi katikati ya kazi kama ameambiwa chai iko tayari. Nyuma ya gereji Mama Wairimu alikuwa na kibanda cha chakula, na nyuma ya kibanda hicho kulikuwa na chumba alichonikodisha, kitanda kimoja na jiko la makaa, kikinuka maharagwe meusi ya njahi yanayochemka kuanzia asubuhi. Nikilala nilinuka njahi, nikiamka nilinuka grisi. Sikulalamika hata siku moja, kwa sababu chumba kile kilikuwa hatua chache tu kutoka mahali Muriithi alipokuwa akifanya kazi.

Muriithi alikuwa fundi wa injini, mrefu, mwenye shingo nyembamba na mikono mizuri, na alikuwa wangu. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Mwezi wa nne, tukila mukimo wa viazi na mahindi kwa Mama Wairimu, aliniambia kwamba ikifika Desemba wazee wake watakwenda kwetu kubisha mlango kuniposa, kama desturi inavyotaka, na kwamba hadi wakati huo tusiwatangazie watu. Mama Wairimu, ambaye alisikia kila kitu hata akiwa amegeuka, aliniongezea nyama bila kuulizwa. Baada ya siku hiyo sikutaka kitu kingine chochote katika mwaka ule. Nilitaka Desemba ifike, wazee waketi sebuleni kwetu, na mama yangu atoke jikoni akijifanya hajui wamekuja kufanya nini. Nilianza kufuma vitambaa vya viti. Nilimtazama Muriithi akinawa mikono kwa mafuta ya taa na kufikiri kwamba sabuni ya kumtoa harufu ile nitamnunulia mimi.

Gari lilikuja Jumamosi moja ya mvua mwezi wa tano, likisukumwa na wanaume wawili waliotapakaa matope, na aliyeshika usukani alikuwa mwanamke. Hilo peke yake lilitosha kusimamisha kazi. Alikuwa Mwalimu Nyawira, mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana huko Mukurweini, na alikuwa amevaa suruali. Gari alikuwa amelinunua kwa mwalimu wa kizungu aliyekuwa amerudi kwao, naye mzungu alikuwa amelileta kwa meli kutoka nchi yake, saluni ndogo ya Kijapani ya rangi ya krimu. Kwa nje lilifanana na mengine ya barabarani, lakini injini yake ilikuwa na mambo ambayo magari yetu hayakuwa nayo. Kwenye barabara tambarare lilikimbia vizuri. Likipunguza mwendo, likifika njia panda au mahali ng'ombe wanavuka, lilitetemeka na kuzima. Mwalimu alieleza haya yote kwa sauti ya chini, bila kupayuka, na mafundi wote wakamsogelea ili wasikie. Mimi nilimsikia vizuri nikiwa stooni, na nikaichukia sauti ile papo hapo.

Muriithi alikuwa amefundishwa kwa miezi kadhaa Nairobi, kwenye kampuni ya magari, na aliporudi alikuwa na tabia ya kueleza. Hiyo ndiyo tabia yake niliyoipenda kuliko zote. Mafundi wengine ukiwauliza swali walikuambia usubiri. Muriithi aliweka spana chini akakueleza mpaka ukaona ndani ya chuma. Mchana wa siku ile alinifungulia boneti ya gari la Mwalimu, akanionyesha bati la mviringo, dogo, lenye mpira mwembamba wa hewa juu yake. Kwa Kiingereza liliitwa kwa herufi tatu. Sisi tukalipa jina la vali ya moshi. Tulipoketi kula, alichukua kikombe chake cha chai akamimina maji kidogo ndani.

"Unaona? Bado ni chai, lakini imepoa kidogo," akasema. "Hii engine inarudishiwa moshi yake yenyewe kidogo, ivute tena, ndio moto isikuwe kali sana ndani. Lakini gari ikienda pole pole, hiyo mlango lazima ifungwe. Ikikataa kufungwa, engine inakabwa na moshi, inakufa."

Nikamwuliza kama basi shida ya gari la Mwalimu ni mlango huo. Akanywa ile chai yenye maji, akasema inaweza kuwa, tutaona. Nakumbuka kikombe, kilikuwa cha bati chenye maua ya samawati, na nakumbuka kwamba nilijisikia mwanamke mwenye bahati kupita wote, kwa kuwa nimeelezwa jambo ambalo hata Baba Njoki hakulijua.

Muriithi alisafisha kabureta. Mwalimu akaondoka, Jumamosi iliyofuata akarudi. Muriithi akabadilisha plagi, akasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, maana kwetu huku juu hewa ni nyembamba na kila gari lililokuja kutoka mbali mafundi walilisogeza taimingi kabla hata ya kulisikiliza. Mwalimu akarudi. Baba Njoki akasema ni baridi. Fundi mwingine akasema ni petroli ya Karatina. Muriithi akainamia kabureta ileile na kuisafisha tena, na Mwalimu akasimama kando yake akimshikia bisibisi. Kila Jumamosi alileta mkungu wa ndizi kutoka Mukurweini, ndizi tamu za kwao zenye ganda jembamba, akaziweka kwenye dirisha langu ili nizigawe. Mafundi walimsifu. Mimi niliapa sitakula hata moja, kisha nilikula, na nilikula kwa hasira, na zilikuwa tamu. Aliniita dada. Alinisalimu vizuri kila mara akaniuliza habari za kazi, na laiti angekuwa na kiburi ningepumzika, maana mtu mwenye kiburi unamchukia bila jasho. Mama Wairimu, akichambua mboga mlangoni, aliniambia kwamba gari bovu kweli kweli huwa halijui Jumamosi. Nilimwambia anyamaze. Usiku nilifumua kitambaa nilichofuma mchana kwa sababu mishono ilikuwa imekaza mno.

Nikifikiri sasa, labda ningeendelea kujidanganya kama ubao wa ukuta usingekuwa na mwanya. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa ya chai, na nilikuwa nimeinama nikipanga mipira ya breki. Nikamsikia Muriithi upande wa pili akisema, unaona, bado ni chai lakini imepoa kidogo. Akaendelea mpaka mwisho, moshi yake yenyewe, ndio moto isikuwe kali sana ndani, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, hata pale alipopumzika mbele yangu akapumzika na mbele ya Mwalimu. Mwalimu akacheka polepole. Akamwuliza kama basi shida ndiyo hiyo, na Muriithi akasema hicho kitu ni laini sana, hakitaki haraka, alete gari tena Jumamosi ijayo waliangalie. Nilibaki na mpira wa breki mkononi. Angemshika mkono ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia kwa kikombe kile. Nilidhani chai ile ilimiminwa maji kwa ajili yangu, mara moja, katika dunia nzima.

Mchana huo, wote walipokwenda kula kwa Mama Wairimu nilisema sina njaa. Nilitoa ufunguo wa gari la Mwalimu kwenye msumari, nikaliwasha, nikavuta choki kidogo lisizime, nikaliacha lipate moto vizuri huku likitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikagongagonga. Nilifungua boneti. Kwanza niliufuata ule mpira wa hewa kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta ufa, na haukuwa na ufa. Kisha nikajifunga kitambaa mkononi, maana chuma kilikuwa cha moto, nikaingiza vidole chini ya lile bati, mahali kijiti cha vali kinapoonekana, nikajaribu kukisogeza. Kilikuwa kimekwama. Mlango ulikuwa wazi, kama alivyonieleza, na injini ilikuwa ikikabwa na moshi wake. Nikakigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, nikakikandamiza chini kwa nguvu, na injini ikatulia. Ilitulia kabisa, nikawasikia watu wakiongea kwenye kibanda. Nilipoachilia, mtetemeko ukarudi. Nikakandamiza tena, ikatulia tena, na nikasimama pale nikifanya hivyo kwa muda, nikitaka iwe si kweli.

Halafu nikatazama bolti mbili zilizoshika vali. Mtu aliyekaa na mafundi hujifunza kusoma bolti. Iliyofunguliwa karibuni hubaki na mng'aro pembeni, mahali spana iliposhika, na vumbi lake huwa limevunjika. Hizi zilikuwa na kutu ya siku nyingi, na juu ya kutu vumbi jekundu la barabara ya Mukurweini lilikuwa limegandamana, zima, bila mkwaruzo. Tangu mwezi wa tano hakuna spana iliyozigusa. Kuna wanawake wanaojua mambo yao kwa harufu ya manukato kwenye shati. Mimi niliyajua yangu kwa bolti mbili. Alijua ugonjwa wa gari tangu siku ya kwanza, na alikuwa akisafisha kabureta isiyo na shida, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili gari lisipone.

Watu niliowahi kuwasimulia haya, nao ni wachache, huniuliza kwa nini sikumkabili. Ningemkabili angenieleza, na yeye alijua kueleza. Ningeondoka pale nikiamini kwamba kutu hukua kwa siku moja. Hapana. Nilikaa nikafikiri kama mtu mwenye akili, au hivyo nilidhani. Mwalimu anakuja Nyeri kwa sababu gari ni bovu. Gari likipona, hana sababu ya kuja. Asipokuja, Muriithi atabaki na sisi, na benchi lake, na mukimo wa Mama Wairimu, na Desemba itafika kama ilivyopangwa. Mpango wangu ulikuwa huo, na hata leo nikiuangalia siuoni tundu lake upesi.

Jumamosi iliyofuata Muriithi alikuja na shati safi ndani ya mfuko. Ilipofika saa saba alilibadilisha nyuma ya lori, akapita mbele ya dirisha langu na Mwalimu, na badala ya kwenda kwenye kibanda walipanda juu mjini, kwenye hoteli yenye vitambaa mezani, ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwa nje tu. Alisema anakwenda kumwonyesha Mwalimu mahali panapouzwa mikeka ya gari. Mafundi wengine walipokuwa kibandani nikafunga dirisha la stoo. Nilichukua spana, nikazimwagia zile bolti mafuta ya taa, nikasubiri, nikazifungua nikiuma meno, na vali ikatoka. Ndani ilikuwa imejaa masizi meusi, magumu, kama chini ya sufuria ya kibanda, na kipande kimoja kilikuwa kimeingia chini ya kijiti na kukizuia kukaa. Nilikwangua kwa waya, nikaosha, nikakwangua hadi kijiti kikapanda na kushuka bila kusukumwa. Kisha nikaweka ule mpira wa hewa mdomoni, nikavuta, kijiti kikapanda. Nikaziba kwa ulimi, kikabaki juu bila kushuka. Hapo nikajua ile ngozi ya ndani inayovuta kijiti haijapasuka. Nilibaki na ladha ya masizi na raba mdomoni mpaka jioni. Gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma, ilikuwa imekufa, nikakata mpya kwenye karatasi ya stoo.

Hapo ndipo nilipoacha alama yangu, na niliiacha makusudi. Mafundi wetu walikata gasketi kwa nyundo: unalaza karatasi juu ya chuma chenyewe na kugonga pembeni taratibu mpaka inakatika, na ukingo wake hubaki na vidonda vidogo vidogo. Mimi niliikata kwa mkasi wangu wa kushonea. Ukingo ulitoka laini kama wa kola, na hakuna mtu mwingine katika gereji ile ambaye angeweza kuukata hivyo. Nilitaka gari lipone, na nilitaka pia ajue ni nani aliyeliponya.

Waliporudi alikuwa akicheka. Aliingia garini ili alisogeze kivulini, akawasha, na nilimwona kupitia dirishani akiacha kucheka. Gari lilikuwa likinguruma chini chini, bila kutikisika. Alikanyaga mafuta, akaachilia, likashuka na kutulia. Akazima, akatoka, akafungua boneti na kuinama kwa muda mrefu. Nilijua anachokiona: bolti zinazong'aa pembeni, na ukingo wa gasketi. Alipoinuka alitazama moja kwa moja kwenye dirisha langu, nami sikuondoa macho yangu.

"Imekuwaje?" Mwalimu akamwuliza.

"Imepona," akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu. Hakuna haja ya kurudi tena Jumamosi."

Alisema hivyo akiwa bado ananitazama mimi, na nikalichukua neno lile kama kiapo. Nilidhani ananiambia yamekwisha. Jioni hiyo nilipika chapati, nikampelekea Mama Wairimu nne, na yeye akazipokea akinitazama kwa namna ambayo sikutaka kuielewa.

Jumamosi ya kwanza gari halikuja, na mafundi wakalalamika kuhusu ndizi. Jumamosi ya pili halikuja, na nikafuma vitambaa viwili. Jumamosi ya tatu, asubuhi mapema, Muriithi alibisha mlango wa chumba changu na shati lake mkononi, akaniomba pasi. Alisema amemwomba Baba Njoki ruhusa, anakwenda kumwona mjomba wake mgonjwa. Nilimtilia makaa, nikapuliza mpaka pasi ikashika moto, nikajitolea kumpigia shati mwenyewe, na nilikaza hasa kwenye kola. Mchana Mama Wairimu alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akaniambia amemwona Muriithi kwenye basi la Mukurweini, ameketi karibu na dirisha, na kwamba hakuonekana kama mtu anayekwenda kwa mgonjwa.

Gari lilipokuwa bovu, lilimleta Mwalimu kwetu, mbele ya macho yangu, saa za kazi, mbele ya mafundi wote na matope. Nililitengeneza, basi akaenda yeye. Niliwanyang'anya kisingizio, na walipokosa kisingizio ilibidi waambiane ukweli. Hilo ndilo tundu la mpango wangu, na sikuliona mpaka shati nililolipiga pasi mimi lilipokuwa limekwisha kufika Mukurweini. Kuanzia hapo alikwenda kila Jumamosi, na sikumwuliza kuhusu mjomba. Nilijipa matumaini ya kijinga: kwamba atachoka, kwamba mwanamke mwenye shahada hataolewa na mtu wa grisi, kwamba wazazi wake watakataa. Usiku nilikuwa nikiwaona kwenye sebule nisiyoijua, wakinywa chai, na katika kila kikombe kulikuwa na maji kidogo.

Mwezi wa kumi alinikuta nyuma ya stoo nikianika matambara. Alisimama akipangusa mikono ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi.

"Wangui, ile maneno ya Desemba," akasema, "tuiache kwanza."

Nikamwuliza kama ni Mwalimu.  Mtu huyu aliyeweza kueleza kila kitu, siku ile alikosa la kueleza, akaendelea kupangusa kidole kimoja baada ya kingine, kisha akarudi kazini. Na mimi, kwa ujinga wa mapenzi, nililishika lile neno lake la mwisho. Kitu kinachoachwa kwanza, niliwaza, kinaweza kuokotwa baadaye.

Desemba ilifika. Jumatatu moja Baba Njoki aliingia stooni akiwa na furaha, amevaa koti lake la kanisani juu ya ovaroli, akaketi kwenye kreti akitaka mtu wa kuongea naye. Hakujua chochote, tulikuwa tumekubaliana tusitangaze, na mimi nilishika makubaliano. Aliniambia kwamba Jumamosi walikwenda kubisha mlango kwa kina Mwalimu, yeye na wazee watatu wa ukoo wa Muriithi, na kwamba walipokewa vizuri, mbuzi alichinjwa na wazazi wa msichana hawakuwa na maneno mengi. Mwalimu alikuwa amempa Muriithi gari lake awabebe.

"Wazee wanne, Wangui, na kreti za soda kwa buti ya gari," akasema. "Unajua vile hiyo barabara inapanda. Tukasimama pale chini tupishe lori, nikasema sasa itazima, tutasukuma na hizi suti. Haikukohoa. Ikapanda na sisi pole pole mpaka mlangoni. Ati huyo kijana ni fundi, hata baba ya msichana alisema hivyo."

"Hiyo gari ni mimi nilitengeneza," nikasema.

Alinitazama, akacheka kwa upole wake, bila ubaya wowote, akasema ni kweli, stoo ndiyo moyo wa gereji. Kisha akauliza kama kuna chai. Nilimpikia. Nilisahau sukari, akainywa hivyo hivyo akiendelea kunieleza jinsi mbuzi alivyokuwa mnono. Kabla ya Pasaka nilikuwa nimehama Nyeri, nikaja Chaka kwa binti mmoja niliyemfahamu, na vitambaa vyangu vyote nikamwachia Mama Wairimu.

Baada ya kumzika Muriithi tulikula, na watu wakaanza kutawanyika kabla ya mvua. Nilikuwa nikitafuta mwavuli wangu wakati mjukuu alipokuja kuniambia nyanya yake ananiita ndani. Nilimkuta Nyawira sebuleni peke yake, ameketi kando ya meza yenye thamosi kubwa na vikombe vilivyobaki. Amezeeka vizuri, sitasema uongo, na sauti bado ni ileile ya chini. Huku kwetu mimi ni Mama Kimani, na hata mzee wangu haniiti jina jingine. Yeye aliniita Wangui. Akanimiminia chai, nikaketi na roho yangu ngumu, nikiwa nimejiandaa kumwambia pole kisha niondoke.

"Ile maneno msichana wangu Muthoni alisoma juu ya gari," akasema, "si mimi nilimwambia. Ni baba yake aliwaambia watoto hivyo, na akishasema jambo mbele ya watoto, utamrudi namna gani."

Nyawira akafunga kifuniko cha thamosi.

"Mimi aliniambia ukweli mwaka ule wa kwanza. Alisema ni wewe. Na hakuacha, Wangui. Pampu ikiharibika, ananiambia kuna msichana angefungua hiyo peke yake. Nikishindwa na kufuli ni wewe. Nikishindwa na jiko ni wewe. Mimi na digrii yangu. Siku moja nikamwambia hiyo jina nisisikie tena kwa hii nyumba."

"Akaacha?" nikamwuliza.

"Akaacha kutaja. Lakini gari ikipita hapo nje ikiwa na sauti nzuri, alikuwa anasimama na kijiko mkononi, anasikiza mpaka ipotee. Na mimi niko hapa namwangalia." Alizungusha kikombe chake kwenye sahani. "Miaka yote hiyo nimekuonea wivu mpaka nikachoka. Nilitaka ujue, sasa hayuko."

Mwanamke mwema angemshika mkono. Angemwambia hayo yalipita, kwamba mume alikuwa wake, nyumba ilikuwa yake, watoto walikuwa wake, na mimi sikupata hata shati. Mvua ilianza kupiga mabati, na nje mtu aliita akisema gari la kwenda Nyeri linaondoka. Masikio yangu hayana shida yoyote, namshukuru Mungu. Nilisogeza kikombe changu aniongezee chai, nikamwambia siku hizi sisikii vizuri, tafadhali aniambie tena alivyosema, polepole, kuanzia kwenye pampu.